SAUTI ZA BAISIKELI NA KIKAO CHA MPANDAJI

Maneno yaliyosemwa Tandale, Dar es Salaam, mbele ya wachuuzi, waalimu na wazee wenye baisikeli



Twajua ya kuwa wengi wenu mmeacha kazi kuja kutusikiliza, na soko la Tandale halimngojei mtu. Kwa hiyo hatutarefusha utangulizi. Tumeombwa tueleze mambo mawili. La kwanza ni namna ya kutambua ubaya wa baisikeli kwa kuisikiliza. La pili ni namna ya kukaa juu yake, mtu aende safari yake na kurudi pasipo kuumia magoti wala mgongo. Mambo haya yaonekana kuwa mbalimbali, lakini kwa maoni yetu ni jambo moja, na sababu yake tutaieleza mbele.

Kwanza tuulizane: kwa nini tujisumbue na sauti? Wako watu wasemao, "Madhali yaenda, iache." Maneno hayo yangefaa kama baisikeli ingekuwa chombo cha matembezi ya jioni tu. Lakini tazameni hapa petu. Mwenye madafu, baisikeli ndiyo duka lake. Mnoa visu, baisikeli ndiyo karakana yake, kwa maana jiwe lake huzungushwa kwa pedali zile zile. Yuko achukuaye magunia ya mkaa, na yuko aamkaye alfajiri kwenda Feri kununua samaki, naye hana budi kurudi kabla jua halijapanda. Watu hawa hupita katika Barabara ya Morogoro, penye malori, na tangu Mei 2016 penye mabasi yaendayo haraka pia. Sasa mkono wa pedali ukiteleza wakati mtu anapovuka, mguu aliokuwa akikanyagia kwa nguvu huanguka chini ghafula, naye huanguka pamoja na mzigo wake. Watu watasema ni ajali. Lakini aghalabu chuma kile kilikwisha bisha hodi majuma mengi, na mwenyewe hakuitika.

Basi tusikilize. Watu wengi wakija kwa fundi huiga sauti kwa midomo yao. Mmoja asema yalia kwichi-kwichi, wa pili asema yagonga ko-ko-ko, wa tatu asema yakwaruza tu. Kuiga huko kwachekesha, wala hatukukatazi, ila hakusaidii sana. Baisikeli imeundwa kwa mabomba yaliyo matupu ndani, na sauti husafiri katika mabomba hayo hata ikatokea mahali pasipo pake. Mlio uliozaliwa chini ya kiti waweza kusikika kana kwamba watoka kwenye pedali. Kwa hiyo swali lenye faida si "Yaliaje?" bali "Yalia lini?"

Fanyeni hivi. Tafuteni njia tulivu, mahali pasipo na motokaa wala spika za muziki (twajua ya kuwa hapa Tandale jambo hilo lataka mtu aamke mapema). Pandeni, mkanyage hata baisikeli ishike mwendo, kisha acheni kukanyaga, iende yenyewe. Kama sauti yakoma pale pale, ubaya uko katika vitu vile vizungukavyo kwa nguvu za miguu: pedali, mikono yake, ekseli ya kati, au mnyororo. Kama sauti yaendelea, viacheni vitu hivyo. Angalieni magurudumu, breki, madigadi na keria. Jaribio hili halina gharama, nalo lamwondolea mtu nusu ya kazi ya kutafuta.

Kisha simameni juu ya pedali, makalio yaache kiti. Sauti ikinyamaza, basi ilikuwa ya kiti: springi zake, au nati iliyo chini yake, au nguzo ya kiti iliyopata kutu ndani ya bomba. Ikiwa yalia mnapovuta usukani tu, kama katika kupanda kilima, angalieni boliti ya usukani. Na kujua kama bakuli za gololi za shingo zimelegea, shikeni breki ya mbele, tieni vidole pale shingo inapokutana na bomba, halafu sukumeni baisikeli mbele na nyuma. Kilicholegea kitagonga chini ya vidole vyenu.

Sasa twaja kwenye kuhesabu, na hapa waalimu watatusaidia kuwafundisha vijana, maana ni hesabu njema kuliko nyingine zilizo vitabuni. Kila kitu katika baisikeli kina mzunguko wake. Tuseme gurudumu la meno la mbele lina meno 44 na la nyuma lina meno 20. Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara mbili na zaidi kidogo. Mnyororo je? Ukiwa na mapingili 110, huzunguka wote mara moja kwa kila mizunguko miwili na nusu ya pedali, kwa kuwa 110 ukigawa kwa 44 hupata mbili na nusu. Basi sauti ijayo mara moja kwa kila mzunguko wa pedali ni ya pedali au ya mkono wake. Sauti ijayo mara mbili, kila mguu unaposhuka, huenda ikawa ya ekseli ya kati. Sauti ijayo upesi kuliko miguu ni ya gurudumu. Na sauti ijayo kwa kuchelewa, hata mtu akadhani imepona, kisha tik! ikarudi, hiyo ni ya pingili moja ya mnyororo iliyokakamaa, kila ipitapo kwenye meno ya nyuma. Zungusheni pedali kinyumenyume polepole kwa mkono, mtaiona pingili hiyo ikikataa kukunjika. Itieni tone la mafuta, mwipindepinde kidogo kwa vidole huku na huku, yatosha.

Katika sauti zote, iliyo mbaya kuliko zote ni ile ya ko! mara moja kwa kila mzunguko, mtu anapokanyaga kwa nguvu. Katika baisikeli zetu nyingi za mtindo wa zamani, mkono wa pedali umeshikwa kwenye ekseli kwa kabari ya chuma, ambayo mafundi huiita kotapini. Kabari hii ina ubapa upande mmoja, nao hulalia ubapa wa ekseli. Ikilika, mkono hupata nafasi ya kucheza, na kila mguu unaposhuka hugonga.

Alitujia mchuuzi mmoja wa madafu mwenye sauti hiyo. Alikwisha nunua mnyororo mpya, kwa kuwa aliambiwa ni mnyororo. Sauti haikwisha. Akanunua pedali mbili, nazo hazikuleta dawa. Fedha ya juma zima ilikwenda, na baisikeli ikali ikigonga. Tulichofanya ni hiki. Tulishika mikono yote miwili ya pedali, mmoja huku na mmoja huku, tukaitikisa. Kama mikono yote miwili huchezacheza pamoja, ni bakuli za gololi za katikati zilizolegea. Kama mmoja wacheza na mwenziwe umetulia, ni kabari ya ule uchezao. Wa kushoto ulicheza. Tulitia kabari mpya, kitu kidogo kama kidole, na thamani yake haifiki bei ya dafu chache. Alipanda akaenda kimya, kisha akarudi kutuuliza kama tumeondoa kitu, kwa kuwa aliona baisikeli si yake.

Lakini kabari nayo ina adabu yake. Isivutwe kwa nati peke yake, maana nyuzi za nati zitakatika. Ipigiliwe kwa nyundo, huku mkono wa pedali umelazwa juu ya gogo imara ili pigo lisiumize gololi, ndipo nati ikazwe. Kabari mbili zielekee upande kinyume, moja nati yake ikiwa juu, nyingine ikiwa chini mikono inapokuwa sawa na ardhi, la sivyo mikono haitakuwa katika mstari mmoja. Baada ya siku moja mbili za kazi, ikazwe tena. Wako watu wazungushiao kabari mbovu kipande cha bati la kopo ili ijaze nafasi. Hatuwalaumu walio mbali na duka. Lakini bati hilo hulika upesi, na mkono ukicheza huendelea kuula ubapa wa ekseli. Ndipo badala ya kununua kabari, mtu hununua ekseli na mkono pia.

Neno moja juu ya pedali. Pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Ya kulia hukazwa kama nati yoyote, lakini ya kushoto hukazwa kwa kuizungusha kinyume cha desturi. Waliounda chombo hiki walifanya hivyo makusudi, ili kukanyaga kusiifungue. Kijana asiyejua huona pedali ya kushoto imelegea, hushika spana akaikaza kwa desturi, nayo huzidi kulegea; huongeza nguvu, mwisho nyuzi za mkono huharibika. Wenye watoto wafundisheni jambo hili leo jioni.

Magurudumu hayana maneno mengi. Inueni gurudumu, lizungusheni, kisha wekeni ncha ya kijiti kwenye nati ya ekseli na ncha ya pili sikioni. Gololi nzima hutoa mvumo mwororo. Zilizopasuka hutoa sauti kama ya mchanga ukisagwa. Mkifungua, msibadili gololi moja tatu tu mkaziacha nyingine. Badilini zote, kwa sababu ile mpya ni kubwa kidogo kuliko zilizolika, nayo huchukua mzigo wote peke yake hata ikapasuka. Ekseli ya nyuma kwa kawaida huwa na gololi 9 kila upande, za robo inchi. Spoki nazo zigongweni kwa kidole kama mpiga udi ajaribuye nyuzi zake. Baisikeli nyingi za mtindo wa Kiingereza zina spoki 32 mbele na 40 nyuma. Iliyo bubu katikati ya wenzake imelegea, na achukuaye mizigo akiiacha hivyo, jirani zake watakatika baada yake.

Sasa mafuta. Hapa pwani tuna adui wawili, hewa ya chumvi na mchanga, na dawa ya mmoja ni chakula cha wa pili. Mtu aonapo kutu hupaka mnyororo oili chafu ya motokaa, nzito, akaiacha ing'ae. Hata afike Manzese imekwisha shika mchanga wote wa njiani, na mchanga katika mafuta ni msasa. Mnyororo usuguliwe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ukauke, utiwe mafuta mepesi tone kwa kila kiungo, halafu ufutwe kwa nje kana kwamba hatutaki mafuta kabisa. Yatakiwayo ni yale yaliyoingia ndani. Mafuta ya taa yasimiminwe kwenye gololi, huyeyusha grisi. Na mafuta ya namna yoyote yasiguse ringi wala mipira ya breki. Breki ikipiga kelele, dawa yake ni maji ya sabuni. Tumewaona watu wakinyamazisha breki kwa tone la mafuta. Kweli hunyamaza, nayo haisimamishi kitu tena.

Kujua kama mnyororo umechakaa ni rahisi kwa mwenye rula. Kila pingili ni nusu inchi, basi mapingili 24 ni inchi 12 kamili. Pimeni kutoka pini hata pini. Ikizidi kwa sehemu ya nane ya inchi, mnyororo huo umekwisha, na kila siku ukaapo hapo hula meno ya magurudumu yake, ambayo ni ghali kuliko wenyewe.

Tumesema tutaeleza kwa nini kikao na sauti ni jambo moja. Sababu ni hii: maumivu ni mlio wa mwili. Nayo, kama ule wa chuma, husikika mahali na sababu yake iko mahali pengine. Tena tazameni wapandaji wengi wa hapa. Viti vyao viko chini sana, magoti yakikaribia usukani. Aketiye hivyo hawezi kunyosha mguu. Hukanyaga kwa kishindo, polepole, kwa uzito wote. Goti lachukua kishindo hicho, na kabari yachukua kile kile. Mtu aumiaye goti kila jioni na abadiliye kabari kila mara, twaamini ugonjwa wake ni mmoja, nao ni kiti kilicho chini.

Kipimo cha kiti ni hiki. Egemeeni ukutani, mkae juu ya kiti, wekeni kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyoka. Mtakapokanyaga kama ipasavyo, kwa sehemu pana ya unyayo iliyo nyuma ya vidole, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Mwenziwe atazame kwa nyuma: viuno vikiyumba huku na huku, kiti kimepita kiasi. Wapendao tarakimu, mwaka 1967 wataalamu wawili, Hamley na Thomas, walieleza katika majaribio yao ya Uingereza kwamba nguvu hutumika vizuri kiti kikiwa juu ya pedali ya chini kwa asilimia 109 ya urefu wa mguu, tangu msamba hata ardhini. Mwenye mguu wa sentimita 80 aweke kiti sentimita 87 hivi. Sisi twaona kisigino chatosha.

Tunajua jawabu lenu. Mtasema: "Kiti kikiwa juu, miguu haifiki chini, na njia zetu zimejaa watoto, mikokoteni na bodaboda." Neno hilo ni la haki. Dawa yake ni kujifunza kushuka mbele ya kiti wakati wa kusimama, mguu mmoja ukibaki juu ya pedali. Si kusimama hali mmeketi. Lakini mwenye shehena kubwa ya madafu, ambaye saa nyingi husukuma kuliko kupanda, na aweke kiti vidole viwili chini ya kipimo, wala hatutamgombeza. Kuanguka na mzigo ule ni kubaya kuliko goti. Aendaye mbali, kama mwalimu atokaye Tandale kwenda shule ya mbali kila siku, hana udhuru.

Nguzo ya kiti isiinuliwe kupita alama iliyochorwa juu yake. Isipokuwa na alama, inchi mbili na nusu zibaki ndani ya bomba, la sivyo itavunjika au kupasua bomba. Mrefu na anunue nguzo ndefu.

Kwenda mbele na kurudi nyuma kwa kiti, tumieni timazi ya mwashi, au jiwe lililofungwa uzi. Mikono ya pedali iwe sawa na ardhi. Uzi ushukao kutoka mbele ya goti upite karibu na ekseli ya pedali. Hii si sheria, ni mahali pa kuanzia. Kiti kilale sawa. Pua yake ikielekea juu, hufisha ganzi sehemu ambazo mtu haoni vema kumweleza fundi. Ikielekea chini, uzito wote huangukia viganja, na vidole viwili vya mwisho hufa ganzi. Usukani uwe sawa na kiti au juu yake kidogo. Aumwaye shingo na mabega mara nyingi anaufikia kwa mbali mno.

Maumivu ya goti kwa mbele, inueni kiti. Maumivu ya nyuma ya goti, kishusheni. Mwenye kukanyaga kwa katikati ya unyayo kwa sababu ya kandambili kuteleza, avue kandambili avae viatu vyenye soli ya mpira. Na akina mama wapandao na khanga au buibui, watake kifuniko cha mnyororo kilicho kizima na wavu wa gurudumu la nyuma. Mwanamke asiyeogopa nguo yake kushikwa huketi vizuri pasipo kufundishwa.

Badilini kitu kimoja tu kwa siku moja, kwa nusu inchi. Pigeni alama kwa msumari mahali kilipokuwa, mwende hata Magomeni na kurudi, ndipo mwamue. Mwili uliozoea kiti cha chini miaka kumi utalalamika siku tatu nne hata ukipewa kilicho sawa. Upeni juma moja.

Maneno yetu yamekwisha, na spana ziko nje chini ya mwembe. Leteni baisikeli moja moja. Tutaanza na ile iliyoingia hapa ikigonga wakati mzee alipokuwa akisema. Mwenyewe asione haya, na ajaye na spana ya namba 15 aje nayo, kwa kuwa yetu ni moja tu.